Neno "Imehifadhiwa" ni Ahadi ya Nani?

Kuna neno moja ambalo watumishi wa umma, wanafunzi na wafanyabiashara wa nchi hii hulisoma mara nyingi kwa siku bila kulitilia shaka. Ni neno "imehifadhiwa". Hujitokeza kwenye kioo cha kompyuta baada ya mtu kuandika barua, kuingiza matokeo ya mtihani, kusajili kiwanja au kupokea malipo. Tunalisoma, tunashusha pumzi, tunaendelea na kazi nyingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumelikabidhi daftari lenyewe kwa mashine, na neno hilo moja ndilo risiti yetu.

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Kazi yangu ni kufundisha utawala wa umma, na kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba ahadi yoyote ya mamlaka ipimwe kwa maswali manne. Nani anaahidi? Anaahidi nini hasa? Ahadi hiyo inahesabiwa kuwa imetimia lini? Na ikivunjika, nani ataambiwa? Nimezoea kuyauliza maswali hayo mbele ya katiba, ilani za vyama na mikataba ya huduma kwa mteja. Katika mwaka uliopita nimejikuta nikiyauliza mbele ya maandishi ya aina nyingine kabisa, yaani kurasa za mwongozo zinazoeleza jinsi mfumo endeshi wa kompyuta unavyohakikisha kwamba ulichoandika kwenye faili kimefika kweli kwenye diski. Nimeshawishika kwamba maandishi hayo ni sehemu ya mambo ya umma, na kwamba kutoyasoma kuna gharama ambayo kwa kawaida hulipwa na mnyonge.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Nitatumia mfano wa Linux, mfumo endeshi unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, na ambao kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android tuliyonayo mfukoni. Programu inapotaka kuandika jambo kwenye faili, huuomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo. Mfumo huipokea data, huinakili kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na hapohapo hujibu kwamba kazi imefanikiwa. Diski bado haijaguswa. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, kuna kazi ya ndani inayoamka kila baada ya sekunde 5 kuangalia kuna nini cha kupeleka, na data iliyosubiri kwa sekunde 30 ndiyo inayohesabiwa kuwa imekaa mno na inapaswa kupelekwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kumbukumbu ya muda inafutika na kilichokuwamo kinapotea. Mwongozo wa Linux hauifichi hali hiyo. Unaeleza waziwazi kwamba jibu la mafanikio la wito wa kuandika si dhamana kwamba data imefika kwenye diski.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye masjala ataelewa haraka. Barua ikiletwa, katibu muhtasi huipokea na kuiweka kwenye trei. Anamwambia mleta barua kwamba imepokelewa, na hasemi uongo. Hata hivyo barua hiyo haijaingia kwenye jalada wala haijapewa namba ya folio. Mhudumu atapita baadaye azichukue barua zote kwa pamoja. Angekwenda masjala kwa kila barua moja, ofisi nzima ingesimama. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, na katika muda huo kumbukumbu ya muda ingekuwa imejibu makumi ya maelfu ya mara. Kuwapo kwa trei ni busara ya kazi, wala si hila. Hatari inaanza pale mleta barua anapodhani kwamba trei ndiyo jalada.

Kwa barua nyeti, ofisi zetu zina daftari la kukabidhi. Mpokeaji wa mwisho hutia saini, na mleta barua haondoki mpaka aione saini hiyo. Mfumo endeshi nao una utaratibu wa namna hiyo, wito unaoitwa fsync. Programu ikiutoa wito huo juu ya faili fulani, husimama na kungoja mpaka data ya faili hilo iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda iwe imesukumwa hadi kwenye diski. Jibu la mafanikio likirudi hapo, ndipo tunapoweza kusema kwamba ahadi imetolewa na ina mwenyewe.

Lakini ahadi hii, kama ahadi zote za mamlaka, ina masharti madogomadogo chini ya ukurasa, na nilipoyasoma nilijihisi niko nyumbani.

Sharti la kwanza ni kwamba kuhakikisha yaliyomo kwenye faili hakuhakikishi kuwa jina la faili limeingia kwenye saraka inayolitunza. Kwa faili jipya, programu hutakiwa kutoa wito mwingine juu ya saraka yenyewe. Ni sawa na barua iliyowekwa vizuri ndani ya jalada jipya, lakini jalada hilo halijaandikwa kwenye orodha ya majalada. Barua ipo, na hakuna atakayeipata.

Sharti la pili linahusu diski. Diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya muda, na huweza kudai kwamba imeandika kabla haijaandika. Kwenye kompyuta za Apple, nyaraka za mfumo zinaeleza kwamba fsync huifikisha data kwa diski, lakini diski yenyewe inaweza kuendelea kuishikilia kwa muda. Anayetaka dhamana kamili anaelekezwa atumie wito wenye nguvu zaidi, uitwao F_FULLFSYNC. Kwa hiyo neno lilelile moja lina uzito tofauti kulingana na nchi linamotamkwa.

Sharti la tatu ndilo lililonishangaza kuliko yote. POSIX, kiwango cha kimataifa kinachoelekeza mifumo ya jamii ya Unix, katika maelezo yake kinakubali kwamba mfumo ambao haujajifunga na kipengele fulani cha hiari unaweza kuwa na fsync isiyofanya chochote. Mtumiaji wa mfumo kama huo anaambiwa ategemee waraka wa mfumo husika ili ajue atarajie nini. Dhamana nzima basi inaegemea waraka, na pasipo waraka, mtumiaji hana cha kushika.

Suala hili lilinifikia karibu kuliko nilivyotarajia. Katika taasisi moja ya elimu ambayo sitaitaja, nilikuwa mjumbe wa kamati ya kusikiliza malalamiko ya matokeo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuta somo lake moja halina alama, na kwa sababu hiyo jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wahitimu. Karani aliyeingiza alama alikuwa na msimamo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Aliingiza orodha yote mchana, akaona neno "imehifadhiwa", na muda mfupi baadaye umeme ukakatika. Uliporudi, majina ya mwisho kwenye orodha hayakuwa na alama. Kabla hata kamati haijakutana, karani huyo alikuwa ameshapewa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua kwa uzembe.

Tulimwita aliyeuza mfumo. Nikamuuliza swali moja tu: neno hilo linapotokea kwenye kioo, data iko wapi? Iko kwenye kumbukumbu ya muda ya seva, iko kwenye diski, au iko kwenye nakala ya pili iliyo mahali pengine? Alijibu kwamba mfumo wao ni wa kuaminika. Tukaomba jibu hilo kwa maandishi, na halikuwapo hata kwenye ukurasa mmoja wa nyaraka walizokabidhi. Kamati haikuweza kuthibitisha ni hatua ipi ya mnyororo iliyokatika, kwa kuwa hakukuwa na waraka wa kulinganisha na kilichotokea. Alama zilipatikana kwa sababu fomu za karatasi zenye saini za wasahihishaji zilikuwa bado kabatini. Mwanafunzi alihitimu, na barua ya karani iliondolewa kwenye jalada lake baada ya mjadala mrefu kuliko ulivyostahili.

Nilichojifunza hapo ni jinsi lawama inavyosafiri. Ahadi isipoandikwa, kosa huteremka ngazi kwa ngazi mpaka limfikie mtu ambaye hana wa kumteremshia. Mfumo haujieleze, muuzaji yuko mbali, mkurugenzi alitia saini mkataba asiousoma; anabaki karani.

Wahandisi wenyewe wamewahi kugombana juu ya swali hilihili la nani alaumiwe, na ugomvi wao unafaa kufundishwa kwenye darasa la sheria. Kwa miaka kadhaa watumiaji wengi wa Linux walikuwa na mfumo wa mafaili uitwao ext3. Kwa mipangilio yake ya kawaida, ext3 ilifikisha mabadiliko kwenye diski kila baada ya takriban sekunde 5, na kwa mpangilio ambao ulifanya mafaili yaonekane salama hata programu isipotoa wito wa fsync. Zaidi ya hapo, kutoa wito huo kwenye ext3 kulikuwa na adhabu, kwani mara nyingi kulilazimisha data nyingine nyingi zisizohusika zipelekwe pia. Mwaka 2008 watumiaji wa kivinjari cha Firefox 3 walilalamika kwamba kompyuta zao zinagandaganda kwa sababu hiyo. Aliyetii kanuni alionekana mzembe, na aliyeipuuza alionekana hodari. Waandishi wa programu wakazoea kutotoa wito.

Desemba 2008 mrithi wake, ext4, alitangazwa kuwa yuko tayari kwa matumizi. Huyu alichelewesha zaidi kupanga mahali pa kuiweka data kwenye diski, ili apate kasi. Mapema mwaka 2009 watu wakaanza kulalamika kwamba kompyuta zao zikizimika ghafla, zikiwaka tena wanakuta mafaili yenye majina yaleyale lakini ndani hayana kitu. Theodore Ts'o, mhandisi mkuu wa ext4, alieleza kwamba POSIX haijawahi kuahidi usalama huo, na kwamba programu zilipaswa kutoa wito wa fsync. Watumiaji walijibu kwamba kwa miaka yote mambo yalikwenda vizuri. Mmoja alisimama na sheria, mwingine alisimama na desturi. Ts'o hakubadilisha tafsiri yake ya sheria, lakini alitengeneza viraka vilivyoifanya ext4 itambue mazoea ya kawaida ya waandishi wa programu na kuyalinda. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa suluhisho la kiungwana. Msimamizi wa sheria alikubali kwamba desturi iliyolelewa na utawala wenyewe haiwezi kufutwa kwa kuwaambia raia wakasome vizuri.

Mtu angedhani kwamba kuanzia hapo mkasa umekwisha: toa wito, ngoja jibu, uwe salama. Mwaka 2018 ulionyesha kwamba swali la nne, lile la nani ataambiwa ahadi ikivunjika, lilikuwa bado halijajibiwa vya kutosha.

PostgreSQL ni kanzidata iliyotokana na mradi ulioanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na leo inatumiwa na taasisi nyingi duniani. Utaratibu wake ni wa mhasibu makini. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye daftari la mabadiliko. Baadaye mabadiliko hayo huhamishiwa kwenye mafaili makuu, wito wa fsync hutolewa, na jibu la mafanikio likirudi ndipo kurasa za daftari zilizohusika zinapoweza kutupwa. Jibu likiwa la kosa, PostgreSQL ilikuwa ikijaribu tena baadaye.

Machi 2018 Craig Ringer, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliwaeleza wenzake tatizo kubwa. Diski iliposhindwa kuandika, Linux ilitoa taarifa ya kosa mara moja, kisha kwenye mifumo ya mafaili iliyozoeleka ikaziwekea data zilizoshindikana alama kana kwamba zimeshafika. Wito wa pili ulikuta hakuna kinachosubiri, ukajibu kwamba kazi imefanikiwa. Kanzidata ikaamini na kuachia kurasa za daftari lake. Sasa badiliko halikuwa kwenye diski, na daftari la kulirejesha halikuwapo tena. Turudi kwenye masjala: mhudumu alidondosha barua mtoni, akamwambia mtu wa kwanza aliyemuuliza, halafu akafuta barua hiyo kwenye orodha yake. Aliyeuliza baadaye alijibiwa kwamba hakuna barua inayosubiri, na hilo lilikuwa kweli.

Wahandisi wa kiini cha Linux walikuwa na sababu zao. Mtu akichomoa flashi wakati data bado inasubiri kuandikwa, mfumo ungelazimika kuitunza data hiyo bila mwisho kwa ajili ya kifaa ambacho huenda hakitarudi, na kumbukumbu ingejaa. Hoja hiyo ina uzito, na hoja ya wenye kanzidata ina uzito pia. Kilichokosekana ni ukurasa ambapo pande mbili zingekuwa zimekubaliana kabla ya maafa. Februari 2019, kwenye mkutano wa FOSDEM mjini Brussels, Tomas Vondra aliipa mada yake kichwa kilichouliza imewezekanaje PostgreSQL ikautumia wito huo visivyo kwa miaka 20. Mwezi huohuo yalitoka matoleo mapya ambayo yakipata kosa kwenye fsync hayajaribu tena. Yanasimamisha kanzidata papo hapo na kuijenga upya kutoka kwenye daftari la mabadiliko. Hata hapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison walionyesha mwaka 2020 kwamba kati ya programu tano maarufu walizozipima, PostgreSQL ikiwamo, hakuna iliyokuwa na mkakati wa kutosha wa kukabili kosa la fsync.

Leo ukurasa wa mwongozo wa fsync una maelezo ambayo zamani hayakuwamo. Unasema kwamba tangu toleo la Linux 4.13, la mwaka 2017, kosa la kuandika linaripotiwa kwa kila aliyelifungua faili hilo na ambaye huenda ndiye aliyeandika data iliyoshindikana. Ni sentensi chache kavu, na nyuma yake kuna data za watu zilizopotea. Tuwafikirie pia wanaoziandika. Kurasa hizo za mwongozo zilitunzwa kwa miaka mingi na Michael Kerrisk, na mwaka 2024 mtunzaji aliyemfuata alitangaza kusitisha kazi hiyo kwa kukosa fedha, hadi makampuni kadhaa yalipojitokeza kumlipa. Sisi tunaolalamikia masjala zetu kukosa bajeti ya karatasi tusidhani kwamba tuko peke yetu. Kazi ya kuandika ahadi ili zisomeke haina heshima inayostahili hata katika nchi tajiri.

Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni misingi muhimu, lakini uzito wake katika maisha ya karani na mwanafunzi unategemea kinachoandikwa kwenye mikataba ya manunuzi na nyaraka zinazokabidhiwa pamoja na mfumo. Kwa hiyo nina mapendekezo kwa kila kundi la wasomaji wangu.

Kwa mtumishi wa umma anayeandaa zabuni, taka maelezo ya maandishi ya kinachokuwa kimetokea kabla neno "imehifadhiwa" halijatokea kwenye kioo. Uliza kama kanzidata imewekewa fsync au imezimwa ili mfumo uonekane una kasi. PostgreSQL ina swichi ya kuizima, na nyaraka zake zinaonya kwamba kufanya hivyo kunaweza kuharibu data kiasi cha kutorejesheka. Kabla ya kupokea mfumo wa majaribio, chomoa umeme wa seva wakati watu wanaingiza data, kisha uhesabu kilichobaki. Jaribio hilo halihitaji shahada.

Kwa mwanafunzi wa kompyuta, usome ukurasa wa fsync mpaka mwisho, pamoja na orodha ya makosa, kwa makini yaleyale ambayo mwenzako wa sheria anausomea mkataba. Kwa mwanaharakati, unapodai uwazi katika daftari la wapiga kura, rejista ya ardhi au orodha ya wanufaika wa mikopo, usiishie kwenye swali la nani anaruhusiwa kuona. Uliza pia taarifa ikipotea nani ataambiwa, kwa njia gani, na ndani ya muda gani.

Na kwa wakuu wa taasisi, kabla ya kumpa karani barua ya kujieleza, mtakeni muuzaji wa mfumo ajieleze kwanza, kwa maandishi, juu ya maswali yale manne. Mkataba usio na majibu hayo usitiwe saini.